Kuta za Unyanyembe

Oktoba ndio mwezi wa kuzijua nyumba za Tabora. Mvua bado haijaja, miombo nje ya mji imeanza kutoa majani mekundu, na mchana joto linapanda zaidi ya nyuzi 30. Katika mitaa ya Gongoni, katikati ya Manispaa, nimeingia nyumba ambayo ukikaa chini ya bati lake saa nane mchana jasho linakutiririka mgongoni. Nikatoka, nikapiga hodi nyumba ya pili yake, ya udongo, nikakuta mama wa makamo amejilaza kwenye mkeka sebuleni na wajukuu wake, mlango wazi, feni hakuna. "Karibu mwanangu, pita ndani kwenye kivuli," akaniambia, kana kwamba kivuli ni chakula cha kumkaribishia mgeni.

Nilikuja Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, na swali moja. Majengo tunayoyaita urithi, yaani makumbusho, makaburi ya wafalme, nyumba za kale na vituo vya utamaduni, yajengwe na kutunzwa vipi ili yasile misitu, yasile umeme, wala yasituangukie? Nilikuwa nimekwisha kupita Bagamoyo, Ujiji, Zanzibar, Bujora na Kasubi, na kila kituo kina kurasa zake katika daftari langu. Tabora nimeipa kurasa nyingi kuliko zote, kwa sababu njia kuu za zamani zilikutana hapa: msafara ulitoka Bagamoyo, ukafika Unyanyembe, ukagawanyika, wengine wakaendelea hadi Ujiji ziwani, wengine wakapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na kila aliyeutembea alibeba pamoja na mzigo wake namna ya kwao ya kujenga.

Gongoni ya leo imechanganya nyumba za aina mbili. Za zamani ni za tofali mbichi, ukuta mnene, baraza mbele, ua nyuma, mwembe karibu. Mpya ni za bloku za saruji, bati jembamba lisilo na dari, madirisha ya vioo vya kuteleza. Sina ugomvi na mtu anayejenga kwa bloku. Saruji imewapa watu wengi nyumba isiyohitaji kukandikwa kila mwaka, na hilo si jambo dogo kwa mjane au kwa kijana mwenye kazi mbili. Kilichonisimamisha ni nyumba ya tatu, ile ya udongo iliyopigwa lipu ya saruji ili ifanane na ya jirani.

Kwa mbali ilipendeza. Nilipoukaribia ukuta upande wa bafu niliona lipu imetuna kuanzia chini hadi kimo cha goti. Nikaigonga kwa kidole, ikaitika kwa sauti ya mtungi mtupu. Pembeni kipande kikubwa kilikuwa kimebanduka na kuondoka na udongo wake, na nyuma yake ukuta ulikuwa na unyevu hata katika kiangazi kile, mchwa wameshajenga barabara zao humo. Sababu yake inaeleweka. Udongo hunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, kisha huyatoa jua likiwaka. Saruji haiyapitishi kwa urahisi. Maji yakifungiwa nyuma ya lipu ngumu hayana pa kutokea, yanalainisha ukuta kutoka ndani, na mwenye nyumba haoni chochote mpaka siku lipu inapoanguka. Kinga aliyoinunua kwa fedha nyingi ndiyo inayoula ukuta.

Kutoka Gongoni nilichukua bodaboda kwenda Kwihara, kilomita kama sita kusini magharibi mwa mji. Hapo ndipo lilipo tembe maarufu, lenye kuta za rangi nyekundu iliyoiva, paa bapa na mlango wa nakshi wa Kizanzibari ambao ukiuona umezungukwa na mashamba ya huku bara unaelewa mara moja ukubwa wa biashara ile. Linatajwa kuwa lilijengwa 1857, mwaka uleule ambao Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, mwezi Novemba, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir, wakakuta matembe makubwa ya wafanyabiashara yaliyotawanyika, kila moja na ua na bustani yake. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara 1871. Agosti ya mwaka huo majeshi ya mtemi Mirambo yaliingia Tabora na kuchoma sehemu yake, na Stanley akaligeuza tembe kuwa ngome. Februari 1872 alirudi kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone. Machi akaondoka kwenda pwani, na mzee yule akabaki akisubiri watu na vifaa hadi Agosti. Mwaka uliofuata, baada ya kifo chake, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipita Unyanyembe wakiwa wameubeba mwili wake kuurudisha pwani.

Haya yote hueleweka vizuri zaidi ukiwa umesimama ndani. Ukuta ule mnene ulifaa dhidi ya risasi na moto, na baridi yake ikaja kama faida ya pili. Jua likichoma upande wa nje, joto linachukua saa nyingi kulivuka lile pande la udongo; linapofika ndani tayari ni usiku, na usiku wa Tabora, juu ya nyanda hizi za zaidi ya mita 1,100, una ubaridi wa kulipokea. Hakuna mashine. Kwa jengo linalotunza barua, picha na mbao za kale, hali ya hewa isiyorukaruka ni jambo kubwa sana, maana joto la kupanda na kushuka huharibu karatasi na mbao. Makumbusho mengi duniani hulipia umeme kwa mamilioni kupata kile ambacho ukuta wa Kwihara unakitoa bure.

Ninaandika pia jambo linaloniuma. Tembe lile tunaliita kwa jina la Livingstone, mgeni aliyelala humo miezi kadhaa. Walioukanyaga ule udongo, waliokata boriti na kuzibeba, yaelekea walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi na watu waliotiwa utumwani, na hakuna jina lao hata moja tunalolijua. Kama kuna namna ya kuwaheshimu sasa, basi ni kuitunza elimu ya mikono yao, kwa sababu hiyo ndiyo saini pekee waliyotuachia.

Elimu hiyo bado ipo, ingawa imezeeka. Mzee mmoja wa maeneo yale, aliyekandika kuta tangu ujanani, alikubali kunionyesha. Tulianza kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi, akanipeleka kwenye kichuguu. "Huu ndio wenye gundi, mwanangu," akasema. "Mchwa ameshauchambua, wewe unaongeza nyasi na maji tu." Aliuloweka, akaukanyaga kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, akanieleza kwamba kazi ya kweli huachwa ilale siku kadhaa na kukanyagwa tena. Kisha akafinyanga donge la ukubwa wa chungwa, akaliinua hadi kifuani, akaliachia lidondoke. Likabonyea kidogo, likapasuka vipande vichache vikubwa. "Sawa." Akatengeneza la pili, akaliongezea mchanga, likatawanyika lote chini. La tatu akalizidishia maji, likalala bapa. Hiyo ndiyo maabara yake, na wahandisi wa majengo ya udongo wanaifahamu na kuitumia vilevile.

Nikamuuliza kama kuna vijana anaowafundisha. "Nani atakuja, mwanangu? Wao wanatafuta kazi ya bloku, huko ndiko kwenye fedha. Na mimi mwenyewe sijaitwa siku nyingi."

Sasa nilinganishe. Tembe la kweli ni mtoto wa Ugogo. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na katika ukame ule paa bapa lina akili zote: nguzo, boriti, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa juu. Tabora hupata takriban milimita 900, kuanzia Novemba hadi Aprili. Paa lilelile likihamia huku linakuwa mzigo. Udongo ukinywa maji unaongezeka uzito, boriti zinapinda, ufa mmoja mdogo unakuwa mfereji wa ndani. Kila mvua ikikatika lazima mtu apande afukie nyufa na kuzibua mifereji. Matajiri wa Kazeh walikuwa na watu wa kuwapandisha juu, tena bila hiari yao. Makumbusho yenye wafanyakazi wachache hayana.

Wanyamwezi wenyewe, kwa asili, walijenga msonge: duara, paa la nyasi lililosimama kama pia na kushuka chini hadi karibu na ardhi, mvua ikateleza na kwenda zake. Kwa mvua za Unyanyembe naamini msonge ulikuwa na busara kuliko tembe, na tembe lilikuwa na busara kuliko msonge katika ukuta. Ajabu ni kwamba ile nyumba ya mgeni ndiyo tuliyoihifadhi kama kumbukumbu, na ile ya wenyeji tukaiacha ipotee na mafundi wake.

Nyasi zina hatari yake, na hakuna aliyeilipia zaidi ya Baganda. Kasubi, Kampala, jengo kuu la Muzibu Azaala Mpanga, ambalo asili yake ni ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza ya 1882, lina upana wa mita 31 kwa nje, na limekuwa kaburi la makabaka tangu 1884. Liliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia 2001, likateketea usiku wa Machi 16, 2010. Nilipokwenda nilitaka kuona paa, nikaishia kutaka kujua watu. Kuezeka pale ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye. Pete zilizo ndani ya paa ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kwa hiyo jengo lilipoungua, elimu ya kulijenga haikuungua nalo, ilikuwa imelala salama nyumbani kwa watu. Ilichukua miaka 13, kukiwa na mabishano na ucheleweshaji, na wakati wa kujenga upya vikaongezwa vifaa vya kupambana na moto, lakini Septemba 2023 Kasubi ilitolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tanzania hatuna ukoo wa matembe. Tunapaswa kuutengeneza.

Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, wametengeneza kitu kinachokaribia hapo. Padri David Clement, Mkanada, alianza kazi yake miaka ya 1950 kwa kujenga kanisa la duara lililofuata umbo la nyumba ya Kisukuma, altare ikachukua sura ya kiti cha mtemi, na baadaye kukawa na makumbusho ya Wasukuma yenye nyumba za asili. Kilichonifurahisha ni kwamba pale watu hawaendi kutazama tu. Kuna sala, kuna ngoma, kuna sherehe za Bulabo zinazowajaza watu uwanjani kila mwaka. Jengo linalotumika lina mtu wa kuona paa linapovuja. Ujiji, kinyume chake, nilipita haraka: miembe mizuri, sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana, na jengo la kisasa ambalo lingeweza kuwa mahali popote.

Zanzibar ndipo niliposoma somo la lipu kwa mara ya kwanza, kabla ya kulikuta Gongoni. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Mafundi wa huko watakuambia wazi kwamba ukuta wa chokaa hupigwa lipu ya chokaa. Ukiuvisha saruji unauzibia njia ya unyevu. Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultani Barghash 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, tena wakati ukarabati unaendelea, na watu wawili wakafa. Siwezi kuliweka janga lile kwenye sababu moja. Lakini jengo la fahari namna ile huonya kwa miaka kabla halijaanguka, na maji huwa ndiyo ya kwanza kuonya.

Mbali zaidi kuna Djenné, nchini Mali. Sijafika, ila kila anayejenga kwa udongo anaujua msikiti wake mkuu, uliojengwa kwa sura ya sasa 1907. Kila mwaka kabla ya mvua mji mzima hutoka kuusiriba upya, vijana wakipanda kwenye magogo yaliyoachwa yamechomoza ukutani makusudi yawe ngazi. Yaani aliyeuchora aliichora na siku ya matengenezo. Ukitazama michoro ya majengo mengi ya umma kwetu, utaona mahali pa mlango wa mgeni rasmi, hutaona fundi wa kukarabati atapandia wapi.

Kuna pia jibu la paa. Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, 2022, alijenga shule ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika 2001, kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati akaliinua juu, mbali na dari ya tofali, hewa ikapita katikati na kuliondoa joto kabla halijashuka darasani, na upenu mrefu ukazikinga kuta na mvua. Ukilifikiri vizuri hilo ni ukuta wa tembe uliopewa paa lenye tabia ya msonge. Vifaa vyake vyote vinapatikana Tabora: udongo, chuma cha kuchomelea kenchi, bati. Hapa nchini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakihimiza matofali ya kufungamana, yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa.

Hilo neno la kutochoma ndilo la kushika katika mkoa huu. Tofali za kuchoma zinasifiwa kuwa za asili, na kweli udongo wake ni wa hapahapa, lakini tanuri moja linameza magogo ya miombo mchana na usiku. Mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke huko Urambo, Kaliua na Sikonge yanameza mengine. Mninga, ambao ungetoa mlango na mtambaapanya wa kudumu vizazi viwili, unazidi kuwa mbali. Ukijenga kituo cha utamaduni wa Wanyamwezi kwa tofali zilizoteketeza msitu wa Wanyamwezi, na nyuki wao, na dawa zao, umeupa utamaduni huo chumba na kuuondolea makao.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tukilichukulia jambo hilo kwa uzito, kuna kazi inayoweza kuanza bila kungoja mtu wa nje. Manispaa inaweza kutenga kiwanja Gongoni, kwenye miembe na watu, ikajenga nyumba ya kumbukumbu ya mji: kuta nene za udongo usiochomwa juu ya msingi wa mawe, ua katikati, bati lililoinuliwa na kutoa upenu mrefu, tangi la kuvuna maji ya mvua yale yale yanayobomoa kuta. Na iandike katika bajeti, tangu mwaka wa kwanza, mshahara wa mafundi wa udongo na wa vijana watakaojifunza kwao. Kiwango kiwe sawa na cha fundi wa bloku au zaidi, kwa sababu yule mzee wa Kwihara alikuwa sahihi, vijana watakwenda kwenye fedha. Sherehe ya kusiriba ifanyike kila Oktoba, kabla ya mvua, shule zikialikwa. Kwihara ipewe mafundi haohao.

Na wewe uliyerithi nyumba ya udongo Gongoni, Chemchem au Ng'ambo, kabla hujamwita mtu wa saruji, fanya haya kwanza. Refusha upenu wa bati hata kwa futi mbili. Chimba mfereji upande wa bafu maji yaende mbali na ukuta. Bandua lipu iliyotuna, uache ukuta ukauke kiangazi chote, kisha usiribe kwa udongo wa kichuguu, na ukiweza pake chokaa juu yake. Mtafute mzee anayejua kazi hiyo angali na nguvu, na umpeleke mwanao akashike udongo pamoja naye.